Chaguo la Kwanza la Rudayna

Kidole cha Rudayna kililowa jasho hata simu ikakikataa. Akakifuta kwenye gauni, akagusa tena fomu ya chuo kikuu. Udaktari ukashuka nafasi ya pili, tiba ya usemi ikapanda ya kwanza. Akatuma. Fomu ikishaondoka, jamani, hairudi.

Sebuleni baba yake alikuwa akiwagawia majirani kunafa, tamutamu ya jibini na shira. Akamwita Rudayna: "Daktari wetu! Goti langu linakungoja wewe tu!"

Wakacheka. Kando ya Rudayna, bibi yake alimshika mkono. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote. Rudayna alihangaika miezi minne kumrudishia moja tu, "maji".

"Umeshatuma, binti yangu?"

"Nimetuma, baba."

"Ilete basi hiyo simu, watu waone kwa macho yao."