Mafiga Meusi

Figa la marumaru lilipasuka, chungu kikalala ubavu na maharage yakamwagika motoni. Sikitu alimgeukia mumewe, Mbaruku, fundi wa kung'arisha marumaru.

"Baba Mwanaidi, yako wapi mafiga ya mama?"

Yalikuwa mawe matatu ya volkano ambayo mama yake Sikitu aliyang'oa mekoni kwake akampa siku ya harusi, kama ilivyo desturi. Mbaruku aliyaonea haya mbele ya wageni.

"Niliwapa wajenzi wa barabara."

"Jiwe lililozaliwa motoni umelitupa, ukaniletea pambo la sakafuni. Na mawe ndiyo kazi yako."

Mbaruku alijua. Marumaru hugeuzwa na joto na uzito wa ardhi mpaka yakapendeza, yakafaa sakafu na kuta. Lakini yakikaa motoni hubomoka kama chokaa. Alijua, akataka sifa.

"Mama yuko kaburini," Sikitu alisema. "Nani atanipa mengine?" Akatandika kanga, akaanza kufunga nguo zake.

Mbaruku alikimbia hadi barabarani. Mawe yote yalikwishapondwa. Akapiga magoti kwenye rundo la kokoto nyeusi, akawa anazigeuza mojamoja, akitafuta zenye masizi ya mekoni.