Mapengo Hadanganyiki

Mapengo alipiga magoti sebuleni kwa watu, akatoa sarafu mfukoni na kuanza kuibishia hodi baiskeli. Alianzia bomba la juu, akashuka pole pole huku ametega sikio. Ti, ti, ti. Fremu ya kaboni iliyo nzima hulia hivyo, kavu na wazi. Iliyopasuka kwa ndani huitika kama ubao uliolowa.

Jina la Mapengo hakupewa bure. Mwaka juzi alinunua baiskeli ya kaboni iliyokwisha kutumika, inang'aa, na muuzaji wake ana maneno matamu. Fremu ilikatika mteremkoni, meno mawili ya mbele yakabaki barabarani. Tangu hapo wenzake wa klabu ya baiskeli wakipita kila Jumapili, yeye huwapungia mkono dirishani, na roho inamuuma kweli kweli. Alitamani kurudi barabarani kuliko alivyotamani meno ya bandia. Lakini kuingizwa mkenge mara ya pili? Thubutu!

"Piga tu, kaka, piga popote," alisema mwenye baiskeli. Alikuwa mchora mabango, rangi zimemganda kwenye kucha, brashi nyembamba imekaa nyuma ya sikio. "Sina cha kuficha."

"Hata yule wa kwanza aliniambia hivyo hivyo," Mapengo alijibu, akatabasamu ili mapengo yamalizie maelezo.

Mke wa mchora mabango aliingia na glasi ya maji, akaiweka juu ya stuli. Tangazo la kuuza aliliweka yeye, na kona ya baiskeli alishaipima kwa macho: cherehani yake ingeenea pale bila kubanwa.

"Karibu maji, shemeji. Ichukue tu, bei tutaelewana. Wenzako wanakuja, wanapapasa, wanaondoka. Sijui wana nini!"

"Baiskeli ina mtu wake," mumewe alisema, macho yake yakiwa darini.

Mapengo alizinduka. Wanaondoka kwa nini? Akaomba tochi. Mchora mabango alikuwa nayo tayari mkononi.

Alimulika uma wa mbele, alimulika maungio, alimulika pale siti inapoingia. Alizungusha pedali, akavuta breki, akainusa fremu, ingawa hata yeye hakujua ananusa nini. Safi. Kila kitu safi. Moyo ulianza kumdunda kwa furaha, akajionya asijisahau.

Ndipo akaiona stika. Ilikuwa imejificha upande wa chini wa bomba, karibu na pedali, nyekundu, mpya kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli ile. Pembe yake moja ilikuwa imeinuka.

"Hapo achana napo, kaka." Mchora mabango aliruka kutoka kitini, akalikamata bomba kwa viganja viwili, kimoja huku na kimoja kule. "Hiyo ni urembo tu."

"Urembo wa chini ya bomba?"

Mapengo alipenyeza sarafu katikati ya viganja vile, akabisha. Bu. Akabisha tena. Bu. Ile sauti aliijua. Mara ya mwisho hakuisikiliza, akaja kuhesabiwa meno na daktari.

Aliibandua stika kwa ukucha. Chini yake, kwenye weusi wa kaboni, ufa wa kijivu, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatiza bomba na kugawanyika matawi mawili mwishoni.

"Na huu je?"

Mchora mabango aliinamisha kichwa. "Kaka, umeniweza."

"Jamani, hata huyu!" Mkewe alijishika kiuno. "Sasa itatoka lini humu ndani?"

"Isitoke, shemeji!" Mapengo alisimama na kukung'uta magoti. Hasira zilimpanda, akaona ni vizuri ziende zote kwa mwenye baiskeli. "Itamtoa mtu roho. Na wewe bwana, muogope Mungu. Hii ni ya kubaki hapo kwenye kona iwe pambo, basi!"

"Nimekusikia, kaka," mchora mabango alisema kwa sauti ya chini. "Ibaki tu kwenye kona."

"Ibaki nini! Saa kumi anakuja mwingine," mkewe alisema, akachukua kikapu chake. "Huyo mpunguzie bei mpaka aone haya kukataa." Akatoka kwenda sokoni, mguu mzito.

Mapengo naye aliaga. Nje alitembea kifua mbele. Kuikosa baiskeli kulimuuma, ila kutodanganywa kulimponya, akampigia simu mwenzake wa klabu kabla hata hajafika njia kuu.

"Mimi? Unywele mmoja tu, nikauona! Wajaribu wengine!"

Sebuleni, mchora mabango alichungulia dirishani mpaka mgeni alipokata kona. Kisha akachovya kitambaa katika maji ambayo Mapengo hakuyanywa, akapitisha mara moja chini ya bomba, na ufa wote ukaja na kitambaa. Alibisha kwa kucha, safari hii bila viganja kulibana bomba, ti, ti, akatabasamu, akashusha brashi kutoka nyuma ya sikio na kuanza kumchorea mteja wa saa kumi ufa mwingine, huu wa matawi matatu.