Nyumba Isiyopaza Sauti

Tangu sheria ya ustawi wa watoto ilipobadilishwa, kila nyumba yenye mtoto ilifungwa ukutani kifaa cha kusikiliza. Wazazi wakigombana kwa sauti, mtoto huchukuliwa akalelewe kwingine. Siwema, binti wa Chiku na Mbaraka, alishachukuliwa mara moja, akarudi amekonda.

Kwa hiyo siku Mbaraka aliposema anaoa mke mwingine, Chiku aliendelea kukuna nazi.

"Umenisikia, Mama Siwema?"

"Nimekusikia, Baba Siwema," alijibu kwa upole, kama aliyeulizwa habari za asubuhi. "Umeniua."

"Usipandishe sauti."

"Kwani nimepandisha?"

Mbaraka aliinamisha kichwa, akatoka. Chiku alitamani kumfuata kwa mayowe hadi majirani watoke. Badala yake aliikuna ile nazi mpaka mbuzi ikawa inakwaruza kifuu kitupu.

Alipoinuka, alimkuta Siwema amesimama kando ya jiko, mkono ameukumbatia kifuani. Uji wa moto ulikuwa umemmwagikia, na malengelenge yameanza kutoka. Machozi yalimtiririka, lakini midomo ameibana.

"Mwanangu! Mbona hukuniita?"

"Watanichukua tena," mtoto alinong'ona.

Chiku aliutumbukiza ule mkono kwenye ndoo ya maji, akamkumbatia. "Kulia hawakukatazi, mwanangu. Sheria ni ya ugomvi wetu sisi wakubwa. Wewe lia."

Siwema alifungua kinywa. Kilio cha kwanza kilipotoka, Chiku alijikuta ameshamziba mdomo kwa kiganja.