Cheche Juani

Cheche iliruka mara tu fundi alipofungua boliti ya waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, juu ya mnara, ili akwangue kutu. Ilikuwa ndogo, ya buluu, ikamuuma kidoleni.

Akaduwaa. Jua lilikuwa kali, wingu hakuna hata la dawa. Redio ya kurushia intaneti pale mnarani nayo ilikuwa imezimwa.

"Dada, una hakika umezima?"

"Plagi hii hapa mkononi!" dada yake akajibu kutoka chini. "Unaota huko juu?"

Akagusisha waya kwenye boliti. Cheche. Akautoa. Cheche tena. Umeme gani huu?

Waya ule ulitoka kwenye ganda la chuma la kebo ya mtandao. Akaifuata kebo kwa macho: ikashuka na mguu wa mnara, ikavuka ua, ikafika nyumbani kwa mama yao. Pale, ncha ya pili ya ganda aliifunga yeye mwenyewe kwenye bomba la maji. Chuma si ni chuma?

Pampu ya maji ilikuwa inanguruma.

Kwa hiyo umeme unavuja kwenye pampu na kuingia bombani? Na siku zote ulikuwa unapanda na kebo, unashukia ardhini kwa huu mnara? Sasa waya ameufungua. Unapita wapi?

"Fanya hima, kaka, mama anataka kunawa tule!"

Mama alikuwa pekupeku kwenye tope, mkono ameunyoosha kuelekea bomba lile lile.

Fundi akapiga kelele.

Mama akainua uso kumtafuta mwanawe juu, huku mkono ukiendelea kulifuata bomba.