Pembe za Pongo

Katika zizi la Nyati, yatima aliowalea walikuwa wakisugua mapaji yao kwenye mawe ili pembe zisiote. Aliyeota pembe alihesabiwa mkubwa na kutolewa nje siku hiyohiyo, na huko nje fisi walikuwa wakisubiri.

Pongo, mmoja wao, alisugua mpaka akatoka damu, lakini pembe zikaota. Nyati akamsukuma hadi langoni. Ndipo wakili Nungunungu, ambaye hakuwahi kumpisha mtu njia, akasimama kati yao na kumwita Hakimu Korongo.

"Mheshimiwa, sheria ni sheria," Nyati akafoka. "Huyu ni mkubwa. Atoke!"

"Sipingi," akasema Nungunungu.

Fisi wakasogea.

"Ila nina swali moja, Mzee Nyati. Malisho ya mtoni aliyoachiwa Pongo na marehemu mama yake, mbona unayala wewe?"

"Namtunzia! Mtoto hakabidhiwi malisho."

Nyati akatamani kuyameza maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka.

"Pembe ni hizohizo, Mzee," akasema Nungunungu. "Haziwezi kuwa zimeota hapa langoni, halafu kule malishoni ziwe bado. Chagua."

Korongo akaamua: Pongo, na kila yatima atakayeota pembe baada yake, hatatoka mpaka Nyati amsindikize mwenyewe hadi mtoni na kumkabidhi malisho yake mbele ya mashahidi.

Walipopita langoni, fisi waliziangalia pembe za Nyati, wakarudi nyuma.

Siku hizi mawe ya zizini yameota ukungu. Hakuna anayesugua paji hapo tena.