Mifupa Mlangoni

Shapira alipoinua taa ya mafuta, kibaraza cha mwamba walichomlaza mama yake mwaka jana kilikuwa kitupu. Sanda tu ndiyo ilikuwa imening'inia ukingoni.

Alikuwa ameingia pangoni kuikusanya mifupa na kuitia kwenye sanduku la jiwe, kama ilivyo desturi. Akageuka. Mifupa ilikuwa nyuma yake, mlangoni, imejikunyata. Aliiruka wakati wa kuingia asiione. Vidole vilikuwa kwenye ufa mwembamba, pale jiwe la mlango linapogusa ardhi.

Akaishusha taa karibu na ule ufa.

Kila maiti hutazamwa tena kabla ya siku ya tatu kupita, isije ikawa roho haijatoka. Kaka yake ndiye aliyekwenda. Alirudi akanawa mikono, akasema, "Mama amelala vizuri," kisha akaomba chakula.

"We dada!" kaka yake aliita kutoka nje. "Mbona kimya? Au mnapiga soga na mama?"

Shapira akapitisha kidole juu ya maandishi ya Kigiriki, ambayo kaka yake mwenyewe alimwagiza fundi ayachonge kwenye sanduku: *Mama yetu. Amelala kwa amani.*

Jiwe la mlango likakwaruza, likasogea kidogo. Mwanga ukapungua.

"Umemkuta palepale tulipomlaza?" Safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Palepale, kaka," Shapira akajibu, akapiga magoti na kuanza kuokota vile vidole, haraka, kimoja kimoja.