Jina la Nne

Jina la nne lilikuwa la Jepchumba.

Njuguna alilisoma mara tatu, kama mtahiniwa anayetumaini kwamba swali litajibadilisha lenyewe. Halikubadilika. Majina yalikuwa kumi na mawili, yametoka makao makuu kupitia kwa Sue, mkuu wa HR, idara ya wafanyakazi, pamoja na agizo fupi: “Hawa wote uwawashie kichujio hiki kabla ya saa kumi. Usifungue mdomo.”

Njuguna ndiye aliyetunza barua pepe za shamba lile la maua kando ya Ziwa Naivasha. Hakuhitaji kuingia ofisi ya mtu. Ilipokuja orodha, alikaa mbele ya skrini nyeusi, akaandika amri ya mstari mmoja, na kila aliyekuwa kwenye orodha akawekewa kichujio, yaani maagizo machache ya kuamua barua zake ziende wapi. Mwaka uliopita Sue alimletea orodha mara tatu, kila mara Ijumaa. Mara zote tatu kichujio kilimjibu kila aliyeandika kwamba mhusika hapatikani tena kwa anwani hii. Na mara zote tatu, Jumatatu asubuhi, wenye majina walizuiwa getini. Seva ilijua umefukuzwa siku tatu kabla yako, na Njuguna alijua dakika tano kabla ya seva. Cheo hicho hakikuwa na marupurupu, ila utukufu kilikuwa nao.

“Mashine haina shemeji,” Kipngeno, mlinzi wa getini, aliwaambia waliolia, akiwaonyesha ripoti ya seva. Ripoti hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Hata makao makuu hawakuamini karatasi nyingine, kwa kuwa watu hukosea.

Leo, kwa bahati mbaya, mashine ilikuwa na mchumba.

Jepchumba alikuwa karani wa oda. Harusi yao ilikuwa Agosti, na mshahara wake ndio uliomweka mdogo wake shuleni, kidato cha tatu. Njuguna alitazama mlango, akalifuta jina la nne.

Yakabaki kumi na moja. Sue hakuwa na desturi ya kusoma majina, lakini kuhesabu alihesabu. Ilibidi apatikane mwingine wa kuziba pengo. Njuguna akajikalisha vizuri kitini, kama jaji, akawapitisha wafanyakazi wenzake mmoja mmoja akilini. Kesi haikuchukua muda. Lewis wa usafiri aliingiza kichwa dirishani.

“Boss! Intaneti imekufa, ama ni wewe umekufa?”

“Inakuja.”

“Na umwambie Jepchu aache kungoja. Wewe utaoa kibodi.”

“Lewis, anwani yako ya barua pepe inaandikwaje vile?”

“Kwani unataka kuniandikia barua ya mapenzi?”

“Kitu kama hicho.”

Lewis aliitaja herufi kwa herufi, akaenda zake akicheka. Njuguna akaiandika kwenye mstari wa nne polepole, kwa heshima zote, kama anayeandika msalaba wa kaburi.

Kabla ya kubonyeza, aliona kitu kimoja. Vichujio vya zamani vilipeleka barua za waliofukuzwa kwa Sue. Hiki kilizipeleka kwa anwani asiyoijua, ya kampuni fulani ya Longonot. Akaona pengine Sue amechoka kusoma barua za marehemu. Akaikagua orodha mara ya mwisho. Jina lake mwenyewe halikuwamo. Alimshukuru Mungu, akabonyeza.

Simu ikalia papo hapo.

“Ni kumi na wawili?” Sue aliuliza.

“Kumi na wawili kamili.”

“Haya. Tuma ripoti makao makuu, na nakala getini.”

Jumapili, baada ya kanisa, alimkuta Jepchumba mlangoni pa chumba chake cha kupanga kule Karagita, akikata sukuma wiki.

“Watu wanasema shamba linauzwa,” Jepchumba alisema.

“Watu hawana seva.”

“Sichezi, Njuguna. Nikikosa kazi hii, mdogo wangu anarudi nyumbani.”

“Huwezi kukosa. Nimeshashughulikia.”

Jepchumba aliacha kukata. Kisha akatabasamu, na siku hiyo Njuguna akapakuliwa nyama kuliko mgeni.

Jumatatu lori la kampuni lilikuwa limeegeshwa nje ya geti, injini ikinguruma, na wafanyakazi wote wakingoja nje. Kipngeno alisimama juu ya tofali, ripoti mkononi, akaanza kusoma. Kila aliyesikia jina lake alipanda lori kichwa chini, bila kuaga. Njuguna alitikisa kichwa kwa huzuni ya kibalozi. Safari hii wanafukuzwa kwa usafiri, aliwaza. Kampuni imeanza kuwa na adabu.

“Wa nne, Lewis.”

Lewis aligeuka, uso umempauka kama majivu. Kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe pamoja, hakuwa na mzaha. “Boss,” alimnong’oneza Njuguna akipita, “niombee.”

“Nitakuombea,” Njuguna alisema, akaushika mkono wa Jepchumba na kuufinya.

Jina la kumi na mbili liliposomwa, lori liliondoka. Kipngeno akavuta mnyororo, akaufunga mara mbili kwenye geti, akatia kufuli. Kisha akavua kofia na kuwageukia wote waliobaki nje.

“Poleni sana,” alisema. “Shamba limeuzwa, na hapa pamefungwa leo. Mwenye mali mpya amechukua hao kumi na wawili tu, wakafanye kazi kwake Longonot.”

Jepchumba aliuchomoa mkono wake katika ule wa Njuguna.

“Si ulisema umeshashughulikia?”